Brashi ya kunyolea imetawanyika nywele: maji ya moto, siki au rababendi?

Kidevu_Safi: Wakuu, nina brashi ya kupakia povu la kunyolea, nywele zake ni za sintetiki. Ilisafiri kwenye begi ikiwa imegandamizwa na chupa ya losheni, sasa imelala upande mmoja na katikati kuna shimo. Povu linatoka, ila linaruka hadi masikioni. Nimetajiwa maji ya moto, siki, na kuifunga rababendi ikauke. Ipi inafanya kazi kweli? Sitaki kununua nyingine, kishikio chake nakipenda.

Kinyozi_Tandika: Rababendi peke yake ni kujisumbua, mkuu. Asubuhi utaikuta imesimama wima, ukiilowesha inalala tena. Nywele hizo ni plastiki, naironi au poliesta ya PBT, na plastiki hushika umbo jipya ikipashwa joto kisha ikapoa huku imebanwa. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo hadi kama nyuzi 70. Tumbukiza nywele tu, dakika moja au mbili. Kung'uta, zipange kwa vidole, halafu ingiza brashi kwenye kile kibomba cha boksi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kikipwaya, kikate kwa urefu ukikaze na hiyo rababendi yako. Usiitoe mpaka ipoe kabisa! Ukiitoa na uvuguvugu, kazi yote bure.

Mama_Rasta: Kaka zangu, hili watu wa saluni tunalijua. Rasta zikishasukwa tunachovya ncha kwenye maji yanayotokota, zinatulia. Ya nini kusubiri yapoe?

Kinyozi_Tandika: Dada, rasta haina gundi. Nywele za brashi zenyewe haziyeyuki kirahisi, naironi na PBT zote zinataka zaidi ya nyuzi 200. Ncha zaweza kujikunja, lakini hofu yangu kubwa ni pale chini zilipogandishwa kwenye kishikio. Gundi ikilegea, kichwa chote kinachomoka. Na rasta nyingi ni modakriliki, plastiki nyingine kabisa.

Mama_Rasta: Hapo kwenye gundi nimekuelewa. Basi aishike kichwa chini, maji yasifike kwenye shina.

Mkazi_wa_Embakasi: Hapa Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sababu ya mwinuko, na bado ni moto mno kwa gundi. Lakini mnaruka swali la kwanza: shina liko safi? Kama unatumia maji ya kisima, yale magumu, sabuni inaungana na chokaa na kuganda kule chini, inazipanua nywele kuanzia kwenye mzizi. Ya namna hiyo hata ukiibana wiki nzima haitakaa. Minya shina kwa vidole; ukisikia ugumu kama wa nta, anza na siki nyeupe, sehemu moja kwa kumi za maji vuguvugu, robo saa hivi. Kisha sabuni ya vyombo, na usuuze sana. Siki hairudishi umbo, inaondoa uchafu tu.

Mpwani_77: Na kondishena je? Nyumbani ipo tele.

Mkazi_wa_Embakasi: Hiyo ni ya nywele za kiumbe hai. Kwenye plastiki inaacha mafuta tu, na mafuta yanaua povu.

Baba_Shani: Si ununue ya manyoya tu, yaishe?

Mpwani_77: Za manyoya zilizo rahisi ni za nguruwe, mzee wangu. Huku kwetu wengi tuko kwenye sintetiki kwa sababu hiyo hiyo.

Kidevu_Safi: Mrejesho. Shina lilikuwa gumu kweli, siki imetoa maji meupe kama ya mchele. Baada ya hapo maji ya moto na kibomba, usiku kucha. Upande uliolala umeinuka. Shimo la katikati limepungua, halijaisha.

Kinyozi_Tandika: Rudia mara moja, safari hii zisukume za pembeni ziegemee katikati kabla ya kubana. Zile zilizovunjika kwenye shina hazirudi, zikate chini kwa mkasi mdogo. Na unapopaka, paka kama fundi rangi, kwenda na kurudi. Ukiikandamiza shavuni na kuizungusha, shimo litafunguka tena.