Muvi za mapenzi za mgahawani zinadanganya watu, na zimemponza mtoto wa dada yangu

Wadau poleni na majukumu. Saa hizi ni saa 6 kasoro usiku, niko Kirumba hapa Mwanza, ndo nimemaliza kusugua masufuria, na saa 11 alfajiri natakiwa niwe soko la samaki la Mwaloni kuchagua samaki, lakini nikilala na hili jambo kifuani najua sitapata usingizi kwahiyo acha niliseme.

Nina mgahawa mwaka wa 11 huu. Sio hoteli ya kitalii, ni meza 9 na benchi 2 za nje, asubuhi supu na chapati, mchana ugali sato, wali dagaa, mlenda, maharage, jioni samaki wa kukaanga. Na mi ni mpenzi wa muvi za mapenzi, tena sana, asije mtu akaniambia nina wivu au sijui sina mapenzi. Kila Jumapili nikifunga nachukua mbili tatu kwa kijana wa laiburari hapa mtaani, ananiwekea kwenye flashi zile zilizotafsiriwa, na anajua ninachotaka: zile nyepesi nyepesi za Kimarekani zinazotengenezwa kwa ajili ya TV, staili ya ile chaneli ya Hallmark, na akipata yenye mgahawa ndani ananitunzia kabisa. Yani nimeangalia nyingi mno. Ndo maana nina haki ya kukasirika.

Sasa jana naangalia moja. Dada ni shefu mji mkubwa, anapigiwa simu kwamba mgahawa wa bibi yake kule kijijini benki inauchukua mwisho wa mwezi. Anarudi. Anamkuta kaka mmoja ameshakuja kupika pale, hawapatani, siku ya tatu wanamwagiana unga, anafutwa unga puani, wanataka kubusiana, oveni inalia ting, wanaachana. Mpaka hapo sina ugomvi, nilikuwa nacheka peke yangu. Ikafika Jumamosi jioni. Mgahawa umejaa, watu wamekaa meza zote, oda zimebandikwa ukutani, kaka anamwambia twende nikuonyeshe kitu, na yule dada ANAVUA EPRONI ANATOKA. Anaenda kuteleza kwenye barafu! Jumamosi! Watu wamekaa wanasubiri chakula! Na wakirudi hakuna hata mteja mmoja aliyenung'unika, kila mtu ameshiba anatabasamu, sasa nani alipika? Nani alitoa bili? Nani aliosha zile sahani? Nikazima TV nikakaa gizani.

Manake ndo nilichogundua jamani, kwenye hizo muvi zote nilizoangalia sijawahi kuona mtu anayeosha vyombo ambaye anaongea. Hayupo. Sahani zinajisafisha. Mimi ninaye mama mmoja wa kuosha vyombo, asipokuja siku moja tu, saa 8 mchana nimeshafunga, sina sahani ya kumwekea mtu ugali. Kwao mgahawa unaendeshwa na watu wawili wazuri na bibi mmoja wa kutoa ushauri.

Na samaki. Yule dada alikaanga samaki kavaa blauzi nyeupe ya hariri, nywele ameachia mpaka mabegani, samaki ametoka kwenye maji anadondosha matone akamweka kwenye mafuta, na mafuta yakanyamaza kimya. Nyie mnaojua samaki mnajua. Sato ukimtumbukiza na maji yake mafuta yanakurukia mpaka shingoni, mimi nina alama hapa chini ya sikio tangu 2017. Unampaa magamba, yanakuganda kwenye mikono mpaka kwenye kope, miiba ya mgongoni inakuchoma kidole unanyonya damu unaendelea, unamchana ubavuni, unampaka chumvi na ndimu, unamwanika kwenye wavu ajikaushe, ndo unagusisha mkia kwenye mafuta usikilize. Ukisikia ile sauti ndo unamshusha. Hiyo peke yake ni dakika 3 za muvi na ningeiangalia bila kupepesa, lakini hawaionyeshi, wanaonyesha mtu analambishwa kijiko anafumba macho.

Nimesoma mahali jinsi zinavyotengenezwa. Nyingi zinapigwa Kanada, huko British Columbia, hata kama hadithi inasema New York, zinapigwa wiki 2 au 3 zimeisha, za Krismasi nyingine zinapigwa kiangazi na theluji ya kutengeneza. Hilo halikuniudhi, kila mtu na riziki yake. Kilichoniudhi ni kwamba mwigizaji anayekula kwenye kamera mara nyingi anakuwa na ndoo pembeni, wakisema kata anatema, kwasababu kipande hicho kitarudiwa mara 10 na hawezi kumeza vyote. Naelewa sababu. Lakini mimi mpishi nimesoma hilo nikaweka simu chini. Muvi nzima inasema chakula ni upendo, na chakula chenyewe kinatemwa kwenye ndoo. Na hiyo Hallmark asili yake ni kampuni ya kadi za salamu, ya Kansas City, tangu 1910, chaneli yenye jina hilo ndo ikaja 2001, kwahiyo nadhani mgahawa kwao ni picha ya mbele ya kadi, kinachofanyika nyuma ya pazia la jikoni hakiwahusu.

Na ule mwezi! Kwenye muvi mwezi ukitoka wanashikana mikono. Huku kwetu dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi ya dagaa inalala, kwahiyo wiki ya mbalamwezi nikifika Mwaloni nakuta bei imepanda na waliopo ni wa zamani, nasimama na karai langu napiga hesabu nipunguze kipimo kwenye sahani au nile hasara. Mwenye mgahawa huku anaujua mwezi kuliko mwalimu wa jiografia. Mngeweka hilo kwenye muvi mnafikiri mapenzi yangeharibika? Yangenoga.

Mimi mume wangu nimempata jikoni. Alikuwa analeta magunia ya mkaa. Hakuniambia neno lolote la kwenye muvi. Ilikuwa masika, mkaa umelowa, natumia nusu saa kupuliza macho yanatoka machozi, siku moja nafika alfajiri nakuta jiko limeshawaka, makaa mekundu, na maji ya chai yanachemka juu yake, yeye hayupo, ameshaondoka kupeleka magunia Nyegezi. Akafanya hivyo miezi 2 kabla hajanitamkia. Siku hizi natumia gesi kwa vitu vingi, serikali ilivyosema taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa mwisho 31 Januari 2024 mimi sio taasisi lakini nilianza kuhesabu sahani zangu nikaona nijiandae mapema, na hata leo kwenye gesi anayewasha jiko ni yeye. Sijawahi kuona muvi ya mgahawa ambayo mtu anampenda mtu kwa kumwashia jiko.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 26, alikuwa anakuja kwangu Jumapili tunaangalia wote. Mimi ndo niliyemzoesha, na hilo linaniuma. Akawa anasema mama mdogo na mimi nataka kufungua wa kwangu. Nikamwambia mwanangu njoo kwanza ukae hapa jikoni mwaka mmoja, akasema hapana mama mdogo, yangu itakuwa tofauti, watu wanataka sehemu nzuri. Akapanga fremu Buhongwa. Akachukua milioni 3 kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, marejesho 40,000 kila siku ya Mungu kwa siku 100. Ukuta ukapakwa rangi nyeupe, taa za kuning'inia, ubao mweusi wa kuandika menyu kwa chaki, kwenye menyu vyakula 14. 14! Mimi mwaka wa 11 nina 7. Kila chakula unachokiandika pale maana yake kuna kitu umenunua kimekaa kinakusubiri uoze nacho.

Wateja hawakuja. Akanipigia nikamwambia punguza menyu, weka ugali wa mchana wa bei ya bodaboda, akaniambia neno ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani, alisema mama mdogo lazima kwanza kuwe kubaya. Nikamuuliza kuwe kubaya kivipi? Akasema ndo inavyokuwaga, mwanzo panakuwa pagumu halafu anakuja mtu.

Na mtu akaja kweli. Kaka mrefu, shati limenyooshwa, akaagiza sato wa nazi akafumba macho, akasema hajawahi kula samaki kama huyu. Akawa anakuja kila siku wiki 3, meza ileile ya dirishani, anapiga picha chakula, anamwambia nina watu nitawaleta, tutafanya shughuli hapa siku moja utasahau shida zote. Binti akaacha kuandika kwenye daftari, mimi ndo niliyemlazimisha tukae tupige hesabu. Yule kaka amekula chakula cha 187,000 kwa mkopo. Yule kaka simu haipatikani na kwao hapajulikani.

Wiki hiyohiyo umeme ukakatika siku 2. Alikuwa na kilo 22 za sato kwenye friza, alizinunua kwa ajili ya hiyo shughuli. Aliniita nikaenda, nikafungua mlango wa friza mwenyewe. Macho ya samaki yamezama ndani, mashavu nilifunua yamegeuka rangi ya majivu, ukibonyeza nyama kwa kidole inabaki na shimo. Binti amesimama nyuma yangu ananiuliza, mama mdogo tukiwachoma na viungo vingi si itawezekana? Nikamwambia hapana mwanangu, watu watakufa. Tukawazika nyuma ya fremu mimi na yeye, saa 3 usiku, kwa jembe la kuazima.

Kwenye muvi hapa ndo pale ambapo kunabaki dakika 20, wamegombana kwasababu mmoja alisikia nusu ya simu, halafu inafanyika sherehe moja ya usiku mmoja, kijiji kizima kinakuja, benki imelipwa, wanabusiana, imeisha. Deni la miaka linalipwa na sahani za usiku mmoja! Mimi usiku wangu mzuri kuliko yote tangu nifungue, gulio la mwisho wa mwaka watu wamejaa mpaka barabarani, nilibaki na faida ya marejesho ya siku 3 tu ya huyu mtoto. Anayeandika hizi hadithi amewahi kukaa na daftari la mauzo? Kodi ya fremu, leseni, ushuru wa huduma, kupima afya wafanyakazi, mitungi ya gesi, mafuta ya kula, mteja anayesema andika nitalipa Jumamosi. Hakuna hata moja linalotajwa zaidi ya "benki".

Na nyie wa kwetu mnaotengeneza tamthilia nawaomba kwa dhati kabisa, nimeona na nyie mmeanza. Mgahawa mweupe, taa za kuning'inia, shefu ana kofia ndefu na hajashika hata kitunguu. Njooni Mwaloni saa 11 alfajiri na kamera zenu. Kuna akina mama wanapigana vikumbo kugombea karai la dagaa wa usiku, kuna wapenzi pale wanaachana na kurudiana juu ya mizani, kuna kila kitu. Hamtahitaji hata kununua taa, jua linachomoza lenyewe.

NYONGEZA, saa 5 asubuhi: nimepata nafasi ya kusoma majibu. Mnaosema ni burudani tu mama acha povu, nawajibu. Muvi ya ngumi mtu anajua hatakiwi kuruka ghorofani. Hii inaonyesha kazi, kazi ambayo kila mtu anadhani anaiweza kwasababu kila mtu anakula. Hakuna anayetoka kuangalia muvi ya daktari akafungua hospitali. Ya mgahawa wanafungua. Na aliyesema binti mjinga namwomba afute, huyu mtoto sio mjinga, alikuwa na tumaini na hakuna aliyemwonyesha kingine mapema, na mimi nikiwemo, nilikuwa nimekaa naye kwenye kochi lilelile.

Na aliyeuliza yuko wapi sasa: yuko hapa nyuma yangu anapaa samaki. Amehamia kwangu, namlipa kila jioni na anapitisha moja kwa moja kwa wale watu, nimeenda kuongea nao wamekubali 25,000 badala ya 40,000. Zimebaki siku 38. Leo amechomwa na mwiba wa sato kidole gumba, akanyonya akaendelea. Friza lake liko hapa kwangu ukutani limezimwa, milango miwili, halina hata mwaka. Tulilisugua na ndimu na magadi mara 4, harufu imetoka kabisa. Anayelihitaji aje alione kwa macho yake, bei tutaelewana.