Tupeane uzoefu: mji ulipofika shambani kwako, ulibadilisha kupanda nini?

Mzee Kisamvu (mleta uzi)
Wakuu salama? Naomba tupeane uzoefu hasa mlio pembezoni mwa miji. Mimi niko Kisarawe upande wa kuelekea Pugu, shamba la mzee lilikuwa mikorosho na minazi, chini yake mihogo, basi. Sasa Dar sensa ya 2012 ilikuwa na watu milioni 4.36, ya 2022 wakafika milioni 5.38, na wote hao wanataka kula na wanataka pa kujenga, vyote viwili wanakuja kuvitafuta huku kwetu. Majirani wameshakata mikorosho wakapima viwanja. Mimi bado nimekomaa ila makopa (mihogo ya kukausha) nimeacha kabisa, nimezungusha kisamvu cha mpira mpaka wote na mihogo naipanda zaidi kwa ajili ya majani, maana akina mama wanakuja kuchuma wenyewe alfajiri na hela unaishika palepale. Nyie wenzangu mmefanyaje?

Mama Chainizi
Shikamoo mzee Kisamvu. Mimi nalima mabondeni hapahapa Dar na sina hata hatua moja ya ardhi yangu, ni kiwanja cha mtu hajakijenga, kaniachia nilime ili kisivamiwe, sharti lake ni moja tu, usinipandie mti wala mgomba. Mti ukishasimama unahesabika kama maendelezo, kesho mnaanza kugombana nani alipe nani, kwa hiyo anaogopa na ana haki ya kuogopa. Ndo maana mkipita mabondeni mnaona majani matupu, mchicha, chainizi, figiri, matembele, watu wanadhani hatujui kulima vingine kumbe tunalima kitu ambacho hata ukiambiwa ondoka mwezi ujao umeshavuna. Mchicha wiki tatu mpaka nne umetoka. Unachimbua tuta, unachanganya samadi ya kuku wa broila (na hiyo samadi mji ndo umetuletea, mabanda yamejaa kila mtaa, zamani ungeipata wapi), unamwaga mbegu, unafunika na makuti mpaka iote, halafu ni keni mbili za kumwagilia mkononi asubuhi na jioni mpaka mabega yanauma. Kuuza tunauza kwa tuta sio kwa kilo, mchuuzi anakuja kabla jua halijatoka, anazunguka tuta anaangalia kama kuna mapengo, mnapatana, anang'oa na kufunga mafungu mwenyewe. Akichelewa siku tatu mchicha unaanza kukomaa na kutoa maua, hapo bei anapanga yeye. Kingine kinachoniumiza ni maji, mto unapita karibu lakini rangi yake mnaijua, mimi natumia kisima kifupi ila mteja akisikia neno bonde tu keshakunja uso.

Ndugu wa Ruiru
Hiyo stori huku Kiambu, Kenya, ni ya kitambo wandugu. Kahawa zamani kung'oa bila ruhusa ilikuwa kesi kabisa, leo hata hakuna anayekuuliza. Tatu City yenyewe, ule mji mpya, imekaa kwa mashamba ya kahawa. Baada ya Thika Road mpya kuisha 2012 bei ya ploti ilipanda hadi wazee wakaanza kulala macho wazi. Sisi tuling'oa kahawa upande mmoja tukaweka nepia (majani ya ng'ombe) na ng'ombe wa maziwa, juu Nairobi inakunywa chai asubuhi na jioni, pesa ya maziwa unaiona haraka, ya kahawa unangoja mwaka. Upande wa barabara kaka yangu amejenga nyumba za kupangisha na hataki kusikia mambo ya jembe, na ukipiga hesabu huwezi kumlaumu.

Mgogo Halisi
Dodoma tuko njiani. Tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku, upande wa Ihumwa na Mtumba mashamba ya uwele na mtama yamekuwa vibao vya "hapauzwi" na mawe ya bikoni. Kinachonitesa ni zabibu. Mzabibu unataka nguzo, waya, maji, unaulea mwaka na zaidi kabla hujaona mzigo wa maana, na ukikubali unakaa miaka mingi. Sasa nani aweke hela hiyo mahali ambapo wapimaji wamepita wiki iliyopita? Mdogo wangu kaenda kukodi mbali zaidi, mimi nimechimba kisima nauza nyanya, bilinganya na mlenda, wafanyakazi waliohamia wanakula mlenda siku hizi msicheze.

Kiazi Kitamu
Kwa hiyo wote mkilima mchicha ugali nani atalima? 😂

Njombe Baridi
@Kiazi Kitamu sisi wa mbali, lakini hata sisi mji ndo unatuchagulia mbegu. Bibi alikuwa na kiazi chake kidogo kitamu kuchemsha, hakina soko tena. Dalali wa Dar anapita shambani, anachimbua mche, anataka kiazi kikubwa, macho ya juujuu, kisichogeuka kahawia kwenye mafuta, yaani kabla hujapanda muuza chipsi wa Manzese keshaamua. Halafu anakuja na lumbesa, gunia limeshonewa kichwa kama mlima na bei anakulipa ya gunia moja! Nimeanza kupunguza viazi naweka parachichi, huku ardhi bado ni yetu, tunaweza kusubiri mti.

Mzee Kisamvu
@Njombe Baridi hapo kwenye kusubiri mti ndipo penyewe. Ukiangalia majibu yote, mwenye uhakika na ardhi anapanda cha miaka, asiye na uhakika anapanda cha wiki, bei ya sokoni inafuata baadae. Mimi hati sina, nina karatasi ya serikali ya kijiji tu, na ndo maana korosho zilizokufa sijazirudishia.
@Mama Chainizi marahaba. Masika unafanyaje, maana mimi mchicha umeoza wote.

Mama Chainizi
Masika mchicha achana nao mzee, mvua inaulaza. Hamia kwenye matembele, kata vijiti vyenye vifundo vitatu vinne ufukie viwili, inua tuta juu maji yapite. Yanavumilia, na unachuma yanachipua tena. Mchicha urudi nao mvua zikikata, ila mbegu nunua mapema, wakati ule kila mtu anazitafuta.