Wauza magari wa Nairobi, nani aliwaambia Prado ya petroli inavuta tani tatu?

Wazee, naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza. Tumezunguka yadi za Ngong Road, Kiambu Road mpaka Mombasa Road tukitafuta gari moja tu la kazi, la kuvuta trela ya boksi yenye gari la mashindano ndani. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyetuuliza trela ina uzito gani. Hata mmoja! Wanaangalia viatu vyako, wanaangalia umeshuka kwenye gari gani, halafu wanataja bei.

Kwa asiyeijua trela ya boksi, si ile ya wazi ya kubebea mawe na ng'ombe. Hii ina kuta, ina paa, na mlango wa nyuma unashuka hadi chini ukawa njia ya kupandishia gari. Gari likilala ndani halili vumbi, na vipuri haviibiwi usiku mkiwa mmepiga kambi Naivasha. Yetu ilitumika Uingereza kabla ya kuletwa huku. Ikiwa tupu ina kilo 1,300. Subaru Impreza yetu pamoja na vyuma vyake vya usalama ni kilo 1,400 hivi. Weka magurudumu ya akiba dazeni moja, kila moja karibu kilo 20, hapo umeongeza 240. Jeki, masanduku ya vyombo, jenereta na madumu, sema 200. Jumla kilo 3,140. Tukaipeleka kwenye mizani ya kulipia kule Industrial Area ili mtu asije akatuambia tunakisia, na mizani haikupishana sana na hesabu yetu.

Basi tunaingia yadi moja na hiyo karatasi ya mizani mkononi. Kijana anatupeleka moja kwa moja kwa Prado nyeupe ya petroli, ile ya injini ya lita 2.7.

"Mkubwa, hii ni Prado. Inavuta mpaka nyumba."

Nikamuuliza inavuta kilo ngapi.

"Inavuta, boss."

Kilo ngapi?

"Si unaona vile tairi ni kubwa?"

Nilitaka kulia. Prado ya toleo la 150, kulingana na soko lililotengenezewa na injini yake, huandikiwa kilo 2,500 au 3,000, na hiyo ni kwa trela yenye breki zake yenyewe. Sisi tuna 3,140. Yaani hatujawasha injini na tayari tumeshapitisha. Isitoshe, magari mengi yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani huja bila chuma cha nyuma cha kuvutia trela na bila waya wa taa zake. Huyo kijana anauza kitu ambacho hakipo kwenye gari, na anakiuza kwa bei ya kilichopo.

Sasa nije kwa jambo ambalo linanikera kuliko yote, kwa sababu hata wanaojiita wataalamu wanaliruka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukipita Limuru uko juu ya mita 2,200, na kule ukingoni mwa Bonde la Ufa kuna vile vibao vya watalii vilivyoandikwa futi 8,000. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi na haina kifaa cha kuisukuma ndani. Ile petroli ya 2.7 inatoa msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, wa Nm (nyutoni mita) 246 ikiwa usawa wa bahari. Ukifika Limuru umebakiwa na kama nne kwa tano ya hiyo, na nyuma yako kuna ukuta wa mabati wa tani tatu unaopigana na upepo. Utapanda, sikatai. Utapanda na gia ya kwanza na ya pili huku malori ya Malaba yakikupigia honi.

Na msinijie na "chukua Land Cruiser tu, maliza maneno". Land Cruiser gani? Ile pikapu ya toleo la 79 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, naiheshimu kuliko ndugu zangu wengine. Imebeba watalii Mara na misaada Turkana na haifi. Chasisi yake inaruhusu trela ya kilo 3,500 na umbali kati ya ekseli zake ni milimita 3,180, kwa hiyo trela haiitikisi ovyo jinsi inavyotikisa gari fupi. Lakini injini ni Nm 285 na haina turbo, kwa hiyo milimani inaadhibiwa vilevile. Ndugu yake mwenye V8 ya dizeli yenye turbo ana Nm 430, na turbo inaficha sehemu kubwa ya ule upungufu wa hewa. Kwa nje mtu hawezi kuzitofautisha akiwa mbali. Mbele ya trela yetu hayo ni magari mawili tofauti kabisa, na broka atakuuzia lolote kati yao kwa wimbo uleule.

D-Max, ile pikapu ya Isuzu, ni hivyohivyo. Ukiambiwa D-Max, uliza injini. Ya lita 1.9 na ya lita 3.0 hazikuzaliwa tumbo moja. Ile 3.0 mpya ni Nm 450 na inaandikiwa trela ya kilo 3,500. Hapo ndipo mtego mwingine ulipo, na hapa hata mawakala wa magari mapya wanatufanya wajinga. Hiyo 3,500 inapigwa rangi kwenye tangazo kubwa kana kwamba ndiyo habari yote. Hawakuambii kuna uzito wa jumla wa gari na trela vikiwa pamoja, ambao kwa pikapu hiyo ni karibu kilo 6,000. Fanyeni hesabu nami. Pikapu ni kilo 2,100 hivi. Watu wanne na mabegi yao, 320. Hapo gari ni 2,420. Ukifunga trela ya 3,500, umebakiwa na kilo 80 za kila kitu kingine duniani. Fundi wako mmoja mnene akiongezeka, umevunja kikomo. Kwa trela yetu ya 3,140 tunabaki na nafasi ya kilo 440, na ndiyo sababu D-Max ya 3.0 bado iko kwenye orodha yangu. Lakini hiyo hesabu niliifanya mimi na kikokotoo cha simu, nikiwa nimekaa mbele ya mtu mwenye tai na kahawa ambaye kazi yake ni kuijua.

Kuna na ule uzito wa pua. Trela lazima iegemee gari kidogo, la sivyo inaanza kucheza mkia, yaani kuyumba huku na huku nyuma ya gari. Waingereza wanashauri asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela, Waamerika na Waaustralia wanasema 10 au zaidi. Chukua hata hiyo 7, ni kilo 220 zinazokalia nyuma ya gari lako kabla hujapakia hata chupa ya maji, na zinahesabiwa kama mzigo wa gari. Prado ya springi laini itainua taa zake zimulike nyota. Na anayepakia trela ya boksi kwa kusukuma kila kitu nyuma kwa sababu mlango uko nyuma, Mungu amlinde. Basi la Kisumu likimpita kwa kasi, ule upepo wake unatosha kuanzisha mkia.

Nije kwa mafundi. Nawapenda, nimekula nao, lakini chuma cha kuvutia trela ya tani tatu hakichomelewi nyuma ya bampa kwa saa moja pale Kariobangi. Fundi mmoja alinionyesha kazi yake kwa fahari: bamba, boliti nne, rangi nyeusi inang'aa. Nikamuuliza kimepimwa kwa kilo ngapi. Akakipanda, akarukaruka juu yake. Kumbe kipimo ni yeye. Chuma halali kina kibao kidogo chenye thamani ya D, yaani nguvu ya mvuto kinachoweza kustahimili, na S, yaani uzito wa pua. Kwa gari la kilo 3,000 na trela yetu, D inayohitajika ni kama kilonewtoni 15. Hakuna kibao, hakuna biashara. Tena angalieni kile kichwa cha mviringo ambacho trela inafungwa juu yake. Trela za Ulaya zinataka milimita 50, na vile vya inchi mbili ni 50.8. Tofauti ni ndogo mpaka siku imegoma kufunga vizuri na mtu akaipiga nyundo.

Breki nazo wanazizungumzia kana kwamba ni mapambo. Trela yetu ina breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inalisukuma, na ule msukumo ndio unaofunga breki zake. Kwenye tambarare ni nzuri sana. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, pale karibu na kale kakanisa kadogo ka wafungwa wa Kiitaliano, trela inasukuma muda wote, kwa hiyo breki zinashika muda wote, zinapata moto na kuchoka. Dawa ni gia nzito kuanzia juu kabisa, kabla ya kuona bonde. Kwa hiyo gari la automatiki ambalo halikubali kushikiliwa gia ya chini, au halina kipoza mafuta cha giaboksi, mimi silitaki hata kwa zawadi. Na yule aliyetuonyesha gari la mjini lenye giaboksi ya CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za kawaida, akasema "hii pia ni SUV", afadhali nisimzungumzie.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema mzee wake alivuta trela ya ng'ombe na Peugeot 504 mpaka Nyahururu, namheshimu mzee, lakini ng'ombe wawili kwenye trela ya wazi si tani tatu ndani ya boksi. Anayesema tuuze trela tununue lori la kubeba gari mgongoni, hilo ni wazo la maana na tumelijadili. Shida ni kwamba lori hilo halitatupeleka sokoni wala ofisini siku za kawaida, nasi hatuna pesa za magari mawili. Na anayeniuliza mbona nisichukue Land Cruiser 200 ya dizeli, nakubaliana nawe kabisa: inaruhusiwa kilo 3,500, pamoja na trela inaandikiwa 6,850, na ile V8 inatoa Nm 650. Niandikie hundi, nitakuja kuichukua leo jioni.

Bado tunatafuta. Mwenye D-Max ya 3.0 au 79 yenye turbo, chuma chenye kibao na vitabu vya gari vyenye uzito ulioandikwa, aweke picha ya kibao na ya ukurasa huo hapa chini kabla ya picha ya tairi. Tutaileta trela yetu ikiwa imepakiwa, tuifunge, twende Limuru na kurudi, ndipo tuongee bei. Broka anayetaka "kitu kidogo cha kutazama gari" asijisumbue kuandika.