Mkaguzi hakupanda hata darini, kaandika nyumba "imehamishwa" kwa hiyo haina thamani

Wakuu, jana sikulala kwa hasira, acha niyatoe hapa.

Niko Pennsylvania mwaka wa 11 sasa, kazi yangu useremala, hasa nyumba za zamani. Tangu Machi nakarabati nyumba ya shamba ya mzee mmoja. Ilijengwa karne ya 19, na miaka ya 1950 ikasogezwa nzima nzima kama nusu kilomita kupisha barabara. Sasa barabara ile ile inapanuliwa na nyumba iko njiani tena. Kwa kuwa mradi una hela za serikali kuu, sheria ya uhifadhi ya mwaka 1966 inalazimisha majengo ya kale yaangaliwe kwanza. Ndipo akaletwa mkaguzi.

Alikaa dakika 40. Nilikuwepo. Nikamwekea ngazi, nikamwambia karibu upande darini, akasema si lazima. Akapiga picha pande nne za nje, akaondoka. Jana mzee kanionyesha ripoti: nyumba ilihamishwa na kufunikwa mabamba ya plastiki, hivyo imepoteza uasilia wake. Basi! Sentensi moja, na greda linaweza kuja.

Kinachoniuma ni kwamba kanuni kaisoma nusu. Huku Marekani uasilia wa jengo hupimwa kwa mambo 7: mahali, usanifu, mazingira, vifaa, ufundi, hisia, na uhusiano wake na historia. Ni kweli, jengo lililohamishwa kwa kawaida haliingizwi kwenye rejista ya taifa ya majengo ya kale. Ila kanuni hiyo hiyo inasema, kama thamani yake kubwa iko kwenye ujenzi wenyewe, linaweza kuingia, na mwongozo unataja linachotakiwa kubaki nacho: usanifu, vifaa, ufundi, hisia na uhusiano. Hesabuni wenyewe. Mahali na mazingira hayamo! Mimi sibishi kwamba hayo mawili yamekwenda. Ghala halipo, kisima kilibaki kule. Lakini hapo ndipo kazi ya mkaguzi inapoanza, na hapo ndipo yeye alipofunga daftari.

Hamilton Grange ya New York, nyumba ya Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, iliyokamilika 1802, ilihamishwa 1889, ikahamishwa tena 2008, na leo ni kumbukumbu ya taifa. Sasa ya mkulima asiye na jina ndiyo ife kwa kuhama mara moja?

Angepanda darini angekuta boriti za mwaloni zilizochongwa kwa shoka, makovu yake ukiyapapasa bado yanakwaruza vidole. Viungo vyote vikubwa, ulimi wa mti umezamishwa kwenye tundu na kukazwa kwa kigingi cha mti, hakuna msumari. Na kando ya kila kiungo fundi kakata alama kwa patasi: II huku, II kule, IIII huku, IIII kule, ili siku ya kusimamisha kila mti umjue mwenzake. Nimezifuata moja moja na tochi, jioni mbili mfululizo. Hakuna namba iliyokaa na isiyo yake. Walioihamisha hawakuifumua, waliibeba ilivyo. Kama huo si ufundi uliobaki mahali pake, ufundi ni nini?

Na hiyo plastiki anayoisema, nimebandua bamba moja upande wa jikoni. Chini yake mbao za zamani zipo, zimepigiliwa misumari ya kukatwa, ile yenye mguu wa pembe nne, si hii ya waya iliyokuja kutawala mwishoni mwa karne ya 19. Plastiki ni koti, linavuliwa.

Mjomba aliyenifundisha kazi Tanga alikuwa hakisemei kiti mpaka akipindue aone chini. Huyu kasomea, analipwa, na nyumba nzima kaisemea akiwa uani.

Tunaandika pingamizi wiki hii, na nimeshapiga picha za alama zote. Mwenye uzoefu wa kupinga ripoti za namna hii huku, tafadhali aniambie: niombe mkaguzi mwingine, au niende moja kwa moja ofisi ya uhifadhi ya jimbo? Bamba la jikoni mzee kaniambia nisilirudishie. Anataka mbao zikae wazi mpaka yule mtu arudi azione.