Chuo Tabora: husajiliwi mpaka ulipe, na cha kulipia hukipati mpaka usajiliwe!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Wale wa "sisi enzi zetu tulisomea koroboi" naomba mpite tu, leo sina muda wenu.

Mimi ni mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Tabora mjini, jina sitaji. Kwetu ni Nguruka, Kigoma, nimekuja na treni, godoro na shangazi kaja langu. Mkopo nimepata, ila ada nimelipiwa sehemu tu, inayobaki ni juu yangu. Chuo kinasema husajiliwi mpaka ulipe nusu ya hiyo inayobaki pamoja na michango yao: kitambulisho, bima ya afya, serikali ya wanafunzi, na kuna mmoja umeandikwa "mengineyo". Mtu anieleze hayo mengineyo ni mdudu gani.

Sasa hela ya kujikimu, yaani bumu, haitoki mpaka chuo kithibitishe umesajiliwa, ndipo usaini. Na mimi hela ya kulipa ili nisajiliwe ningeitoa kwenye hilo hilo bumu! Nimemweleza dada wa dirishani pale uhasibu, akaniangalia, akarudi kwenye simu yake: "Kaongee na mzazi." Mzazi gani? Mama anauza samaki stesheni, treni isipofika siku hiyo hata yeye hana kitu. Angekuwa nazo ningeomba mkopo wa nini?

Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 hela ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Siku 60 ni laki sita. Nyumbani wakisikia laki sita wanajua umeula. Mjomba kashapiga simu anataka nimkopeshe, mimi hapa nashindia mihogo na chai ya rangi. Na mwenye nyumba wangu huku Isevya naye kazisikia. Chumba ni 40,000 kwa mwezi, anataka miezi sita kwa mkupuo kwa sababu "nyie si mna bumu". Nimempa miwili. Tangu hapo kila alfajiri anafagia mlangoni kwangu, kwangu tu, huku anakohoa.

Yote hayo ningevumilia. Jana ndiyo wamenimaliza. Tumeingia testi ya kwanza, mhadhiri akagawa karatasi kwa kufuata majina ya waliosajiliwa kwenye mfumo wa chuo. Sisi ambao hatumo tukabaki tumekaa na kalamu zetu tunaangalia wenzetu wanaandika. Mwishoni nikamfuata: "Mwalimu, vipindi vyote nimehudhuria, saini zangu zipo kwenye karatasi ya mahudhurio." Akanijibu kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliotaka kuniliza: "Mwanangu, asiyekuwemo kwenye mfumo simjui."

Mnaelewa maana yake? Hapa kwetu kazi za muhula, testi zikiwemo, ni alama 40 na UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60. Hizo 40 zikikatika huna sifa ya kukaa UE. Kwa hiyo naweza kurudia somo, au kudisko kabisa, yaani kuondolewa chuo, na hakuna swali hata moja nililowahi kulikosa. Halafu mtaani wataambiwa mtoto wa fulani kafika mjini akaanza starehe.

Kinachouma ni kwamba ile wiki ya kutupokea walitujaza ukumbini wakatuhubiria mavazi. Suruali za kubana, milegezo, sketi fupi, masaa mawili mazima! Hakusimama hata mmoja kusema asiye na hela ya kuanzia aende ofisi gani. Juzi CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, ndiye kaninong'oneza kwamba ipo fomu ya kuomba kulipa kwa awamu, na mwaka wa pili wote wanaijua. Kumbe ipo! Nimeifuata masijala, wakanielekeza kwa mshauri wa wanafunzi. Mlango umefungwa, karatasi imebandikwa: "Nipo semina."

Naomba waliosoma vyuo vya Tabora wanisaidie. Hiyo fomu anasaini nani, uhasibu au mkuu wa idara? Ikishasainiwa, jina linaingia kwenye mfumo siku hiyo hiyo au unaambiwa tena usubiri? Na testi iliyonipita, kuna anayefahamu mtu aliyewahi kuruhusiwa kuifanya baadaye? Jibuni hapa hapa, msinifuate inboksi, maana tuko wengi tunaosoma. Testi ya somo lingine ni Jumatano.