Gemu la kushuka shimoni kwenye simu: anayeanza achukue shujaa gani?

KijanaWaMikindani (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kuhusu Shattered Pixel Dungeon. Tuko vijana watatu tunataka kuanza pamoja, kila mtu kwenye simu yake. Tumelichagua kwa sababu kwenye Android ni la bure, halina matangazo na halili bando ukishalipakua. Tunaelewa kwamba ukifa umekufa: unarudi levo ya 1, ramani imebadilika na vitu vyote vimepotea.

Maswali yetu ni haya. Tuanze na shujaa yupi? Huku mtaani wengi wanamsifia Mage (mchawi). Skroli za Upgrade (za kuimarisha kifaa) za mwanzo tuweke kwenye silaha au kwenye deraya? Na yule nyoka wa levo za mwanzo, mbona hapigiki? Upanga unapita hewani tu.

---

FundiWaShimo (Lindi)

Anzeni na Warrior (askari). Ukishusha gemu leo ndiye peke yake aliyefunguliwa, na ni vizuri iwe hivyo. Msimkimbie.

Mashujaa wote huanza na uhai 20 na nguvu 10, kwa hiyo msidhani Warrior ana damu nyingi kuliko wenzake. Tofauti iko kwenye alichobeba na anachokijua. Kwanza ana muhuri uliovunjika, anaoubandika kwenye deraya na kupata kinga juu ya uhai wake. Pili, dawa ya Healing (ya kurudisha uhai) anaitambua tangu mwanzo. Hili watu hulipuuza, na kwa anayejifunza ndilo kubwa. Mage au Rogue (mnyemeleaji) akiokota chupa ya Healing hajui ni nini. Ataijaribu siku uhai umejaa, imepotea bure. Warrior anaiweka mkobani mpaka siku ya shida.

Mage ni mkali kweli, lakini kwa anayejua kubana matumizi. Fimbo yake ina chaji chache na zinajaa polepole. Anayeanza huzimaliza kwa panya, halafu anatokea kaa, ambaye hutembea kwa kasi mara mbili yako, na fimbo imebaki kuwa mti wa kupigia. Acheni afunguke mwenyewe: mkitumia skroli ya Upgrade mara moja, Mage yuko wazi.

Upgrade: deraya kwanza. Hesabu yake ni hii. Kila kundi la levo 5 lina uhakika wa skroli 3 za Upgrade na dawa 2 za Strength (za kuongeza nguvu), mradi upekue kila chumba. Deraya ya nguo inataka nguvu 10, Leather 12, Mail 14, Scale 16, Plate 18. Upgrade ya kwanza hupunguza hitaji hilo kwa 1, ukifika +3 limepungua kwa 2, ukifika +6 kwa 3. Sasa tuseme umepata Mail kwenye levo ya 3 au ya 4. Ukiipa Upgrade 3 inataka nguvu 12. Na wewe ukinywa Strength 2 umetoka 10 umefika 12. Unaingia kwa bosi wa levo ya 5 umevaa deraya inayokukaa sawasawa.

Ukivaa inayokuzidi nguvu, kila pointi inayopungua inakula kasi yako ya kutembea na uwezo wa kukwepa. Kwenye silaha inakula shabaha na kasi ya kupiga. Ndiyo maana mtu anavaa Plate levo ya 2, anajiona yuko salama, kisha anauawa na wadudu wa kawaida.

Skroli ya kwanza unaweza kuiweka kwenye deraya ya nguo yenye muhuri bila hofu. Muhuri hubeba Upgrade moja: ukiubandua na kuubandika kwenye deraya mpya, ile Upgrade inahama nao. Mbili zinazofuata zishikilie kwanza, uone utapata deraya gani. Kosa kubwa ni kugawa: moja upangani, moja kwenye pete, moja kwenye deraya. Hakuna kinachokuwa na nguvu.

---

MlangoWaTatu (Masasi)

Nyoka hapigiki kwa sababu ukwepaji wake ni mkubwa mno, ila uhai wake ni 4 tu. Dawa yake ni mlango.

Ukimwona, usipigane naye katikati ya chumba. Pita mlangoni, toka kwenye kizingiti, simama kwenye mraba unaopakana nacho upande wa pili. Mlango utajifunga nyuma yako na nyoka hatakuona tena. Gusa kitufe cha kusubiri, zamu moja moja. Akikanyaga kizingiti, mpige hapo hapo. Pigo la kushtukiza halikosi, na mara nyingi moja linamtosha. Ukibaki umesimama kizingitini, mlango unakaa wazi, anakuona, na mbinu imeharibika.

Fanyeni hivyo kwa kila adui, siyo nyoka tu. Gemu hili ni la zamu, hakuna kinachosogea mpaka wewe usogee. Ukipigiwa simu katikati ya pambano, au kivuko cha Msangamkuu kikitia nanga, weka simu mfukoni. Ukirudi utamkuta adui palepale. Wanaokufa mapema wengi ni wale wanaogusa skrini harakaharaka kana kwamba wanafukuzwa.

Mapigo ya kushtukiza ndiyo yanayomfungua Rogue pia.

---

UpindeNaMshale (Newala)

Namheshimu FundiWaShimo, ila mimi ningemweka Huntress (mwindaji) jirani kabisa na Warrior. Upinde wake hauishiwi mishale, na nguvu yake inapanda kadiri shujaa anavyopanda kiwango, wala hautumii Upgrade yoyote. Kwa hiyo Upgrade zote zinaweza kwenda kwenye deraya na bado unaua.

Sharti ni umbali. Silaha za kurusha, na mishale ikiwemo, hupata shabaha zaidi adui akiwa mbali, lakini adui akikugusa ubavu shabaha inashuka nusu. Wageni husimama wanapiga mishale huku kaa amewashika miguu. Piga akiwa mbali, akifika tumia glavu za mkononi au rudi mlangoni.

Anafunguliwa kwa kuwapiga maadui kwa silaha za kurusha. Warrior huanza na mawe 3 ya kurusha, basi yatumieni na kuyaokota tena. Mkicheza na Warrior vizuri, Huntress atakuja mwenyewe.

---

FundiWaShimo (Lindi)

Hapo sina ubishi. Warrior kwanza, Huntress wa pili.

---

KijanaWaMikindani (Mtwara)

Nashukuru sana wakuu, tumewaelewa. Naongeza mawili. Dawa tusizozijua tunywe au tutupe? Na huyo Goo, bosi wa levo ya 5, anapigwaje?

---

MlangoWaTatu (Masasi)

Kunywa, lakini kwa utaratibu: uhai umejaa, hakuna adui karibu, umesimama ndani ya maji, na mlango uko hatua chache. Ikiwa ni Liquid Flame (dawa ya moto), maji hayashiki moto. Ikiwa ni gesi ya sumu, toka mlangoni uiache ndani. Ikiwa ni gesi ya kupooza huwezi kutoka, na ndiyo sababu ya kuhakikisha kwanza hakuna adui. Fanyeni hivi levo ya 1 mpaka ya 3, msisubiri gereza la levo ya 6.

Goo ana uhai 100, na akikanyaga maji anajitibu kila zamu. Mvute sehemu kavu. Pigo lake la kawaida linavumilika. Linaloua ni lile ambalo kabla yake anajivimbisha kwanza. Maandishi yakitokea kwamba anajivimbisha, acha kupiga wakati huohuo, ondoka. Pigo hilo linafika miraba 2, wewe uwe wa 3 au nyuma ya kona. Tamaa ya kuongeza pigo moja ndiyo inayomaliza watu. Akishuka nusu ya uhai anakuwa mkali zaidi, hapo usiwe chini ya nusu ya uhai wako. Ingia na chupa ya umande imejaa matone 20, kwa kuwa ikijaa hivyo inarudisha uhai wote.

Na kabla ya Goo mtafuteni mzimu mwenye huzuni, yuko kati ya levo ya 2 na ya 4. Mkimalizia kazi yake anawapa mchague silaha au deraya. Chagueni deraya. Kitu chake hakina laana, tofauti na vya kuokota sakafuni, ambavyo ukivaa vinaweza kugoma kuvulika.

---

Kompyuta_Lindi

Kama kuna mwenzenu mwenye kompyuta, NetHack, gemu jingine la kushuka shimoni, ni ya bure pia na ina kazi 13 (aina za shujaa) za kuchagua. Achukue Valkyrie, mbari ya kibeti. Baridi haimdhuru, anatembea kimyakimya, na wengi wa vibeti na mbilikimo wa Gnomish Mines (machimbo ndani ya gemu) watakuwa na amani naye. Uhai ukishuka chini ya 6, au chini ya sehemu moja ya saba ya uhai wake kamili, aombe kwa mungu wake. Asiombe kabla ya zamu 300 hivi, na akishaomba apishe kama 1,000. Jicho la bluu linaloelea asiliguse kwa silaha ya mkononi. Litamgandisha, na chochote kitakachopita kitamla akiwa amesimama.