Je, magazeti ndiyo yaliyolichafua jina la "hacker"?

Wakuu, watu wengi wa kompyuta wanaamini kwamba "hacker" (mdukuzi) halisi ni fundi mdadisi asiyetulia hadi aujue mfumo kwa undani, na kwamba vyombo vya habari vilimpaka matope miaka ya 1980 kwa kuwaita wahalifu jina lake. Wahalifu, wanasema, waitwe "cracker". Wanaolitetea dai hili nawaheshimu, lakini silikubali.

Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye klabu ya treni za mfano ya chuo cha MIT, Marekani, "hack" ilikuwa kazi ya ustadi inayowaacha wenzako wakishangaa. Ni utamaduni huo uliotuletea Spacewar!, mchezo ambao Steve Russell na wenzake waliutengeneza mwaka 1962 kwenye kompyuta ya PDP-1 kwa mapenzi tu.

Sasa someni gazeti la wanafunzi wa chuo hichohicho, The Tech, la Novemba 20, 1963. Linawataja "hackers" walioziba laini zote za simu kati ya MIT na Harvard, wakapiga simu za mbali na kuutupia gharama mtambo wa rada wa jirani. PDP-1 nayo iliunganishwa na simu ili itafute laini ya kutokea nje. Hiyo ni miaka 20 kabla FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, haijawafikia vijana wa Milwaukee waliojiita 414s, waliokuwa wakiingia kwenye kompyuta za watu bila ruhusa! Na waliotumia neno hilo walikuwa wanachuo wenyewe.

Kwa hiyo ustadi na uvunjaji vililelewa nyumba moja. Robert Morris, mwanafunzi wa Marekani, alipoachia programu yake inayojisambaza yenyewe mwaka 1988, ikalemaza kompyuta zinazokadiriwa kufika 6,000, alihukumiwa kama mhalifu. Baadaye akawa profesa MIT. Tumweke kundi gani?

Mimi naona kugawa watu kwa majina hakutusaidii. Kinachotenganisha ni ruhusa. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaalika wadukuzi washambulie tovuti zake. Wakajiandikisha zaidi ya 1,400, wakafichua kasoro 138 zilizothibitishwa, na waliozigundua wakalipwa. Mbinu ni zilezile zinazompeleka mwingine jela.

Kwetu, mdukuzi kwenye taarifa ya habari ni mwizi basi, na hilo linaniumiza, maana kijana anayeona tundu kwenye mfumo wa benki anaogopa kusema. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inahesabu kuvunja ulinzi na kuingia bila idhini kuwa kosa, na sipingi. Ila aliyeona kasoro, hakugusa data ya mtu, akatoa taarifa mapema, astahili kinga ya kisheria. Asiyekubali anieleze: benki ambayo haijawahi kumwalika mtu kuikagua, itajuaje tundu lake kabla ya mwizi?